Plaiwudi ya “marine” jijini Nairobi: tathmini baada ya kujenga mashua nyumbani

Kwa miezi saba sasa nafasi ya kuegeshea gari mbele ya nyumba yetu hapa Komarock imekaliwa na mashua. Ni mashua ndogo ya makasia, urefu wake mita 3.6, iliyoundwa kwa plaiwudi ya milimita 6 ambayo vipande vyake vimeshonwa kwa waya wa shaba na kuunganishwa kwa epoksi (gundi ya kuchanganywa ambayo hukauka ikawa ngumu), na inasubiri kupelekwa Ziwa Naivasha. Tathmini hii inahusu kitu kimoja tu katika kazi hiyo, nacho ni plaiwudi yenyewe, kwa sababu ndiyo iliyokula fedha nyingi kuliko kitu kingine chochote, ndiyo iliyonipotezea wiki tano, na ndiyo ambayo mtu yeyote anayetaka kujenga bodi ya mashua katika jiji hili atalazimika kuinunua kabla ya jambo lingine lolote. Nilinunua mara mbili, katika maduka mawili tofauti. Mara ya kwanza nilinunua vibaya.

Tatizo linaanzia kwenye jina “marine”, yaani ya majini. Nairobi ni jiji la ujenzi, na mafundi wa ujenzi wanapotaja “marine” huwa wanamaanisha ubao mzito wa milimita 18 wenye ngozi nyororo ya rangi ya kahawia au nyeusi, ule unaotegemezwa kwa nguzo ili umwagiwe zege la slabu, kisha ukabanduliwa zege likishakauka. Ubao huo unaifanya kazi yake vizuri, kwani ngozi ile ya resini huzuia zege lisigandamane na mti na humwezesha mkandarasi kuutumia tena na tena. Kwa mjenzi wa mashua, hata hivyo, sifa hiyo hiyo ni dosari: ngozi inayokataa zege hukataa pia epoksi, na mashua ya namna hii inategemea epoksi kuzama ndani ya nyuzi za mti na kushikamana nazo. Kwa hiyo ukiingia dukani ukaomba “marine” bila kueleza unakwenda kufanyia nini, utaonyeshwa kwanza kitu usichokihitaji, wala muuzaji hatakuwa amekudanganya, maana katika biashara yake neno hilo ndivyo linavyotumika.

Mimi nilieleza. Mwezi wa Machi nilikwenda katika duka moja la Industrial Area na kusema wazi kwamba ninajenga mashua, kwamba nahitaji plaiwudi nne za milimita 6 zisizo na ngozi ya resini, na kwamba zitakaa majini. Kijana wa mauzo alinisikiliza kwa heshima, akaniongoza hadi nyuma ya ghala na kuniambia, “Mama, hii ni marine kabisa, hata ukiitia baharini haitafanya kitu.” Plaiwudi alizonionyesha zilikuwa na muhuri mwekundu wa neno hilo juu ya uso, na kingo zote nne zilikuwa zimepakwa rangi nyekundu. Nilidhani rangi ile ni ya kuzuia maji. Leo najua kwamba kingo ndizo mahali pa kwanza ambapo mnunuzi anapaswa kutazama, na kwamba rangi inayofunika kingo, iwe imepakwa kwa nia njema au la, inamfunga mnunuzi macho.

Nilizipakia kwenye pikapu, nikazileta nyumbani, nikachora vipande vyote kufuatana na mchoro nilioununua, nikakata. Msumeno ulipoondoa ile rangi ya kingoni nikaona ndani kuna matabaka matatu tu: tabaka nene la katikati, na juu na chini yake matabaka mawili membamba kama jalada la daftari. Niliona pia mapengo mawili katika tabaka la katikati, mahali ambapo vipande vya mti vilikuwa vimepangwa bila kugusana. Sikusimama hapo, nami najilaumu kwa hilo. Niliendelea hadi nikavishona vipande viwili vya omo, yaani sehemu ya mbele ya mashua, na nilipovivuta ili vikunjike kuelekeana, ubavu mmoja ulikunjika kwa mviringo mzuri na wa pili ukapiga goti, yaani ulivunja mviringo wake mahali pamoja na kutokeza pembe, kwa sababu hapo chini ya uso palikuwa na pengo na hapakuwa na mti wa kubeba mkunjo.

Mvua ya Aprili ndiyo iliyokamilisha hukumu. Paa letu la mabati hufunika sehemu ya kuegeshea, lakini upepo ulileta maji kwa upande usiku mmoja, na vipande viwili vilivyokuwa vimeegemezwa ukutani vikalala miguu ndani ya maji yasiyofika kina cha kidole. Siku ya tatu niliingiza ukucha kati ya tabaka la juu na la katikati, kisha nikaingiza kidole, kisha uso wote wa sehemu ya chini ukainuka mkononi mwangu bila nguvu yoyote. Gundi ilikuwa imegeuka unga mweupe. Nilirudi dukani na kipande hicho. Niliambiwa kwamba mali iliyokwisha kukatwa hairudishwi, na kwamba plaiwudi haifai kunyeshewa kabla ya kupakwa rangi. Jibu la kwanza nalielewa. La pili silikubali hata kidogo, kwa kuwa plaiwudi inayostahili kuitwa ya mashua ni ile ambayo gundi yake inastahimili maji pasipo rangi yoyote. Rangi hukwaruzika siku ya kwanza chombo kinapoburutwa juu ya kokoto.

Hapa inafaa kueleza neno hilo linadai nini mahali linapotumika kwa haki. Kuna kiwango cha Uingereza kiitwacho BS 1088 ambacho wajenzi wa vyombo duniani kote hukitumia kama kipimo cha plaiwudi ya majini. Kinatazama mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni gundi, ambayo lazima iwe ya aina inayostahimili hali ya hewa na maji yanayochemka, kwa kawaida gundi ya fenoli, ambayo huonekana kingoni kama mistari myeusi au ya kahawia iliyokoza. La pili ni mti wenyewe: matabaka yote, pamoja na yale ya ndani yasiyoonekana, yawe ya mti unaokubalika na yasiwe na mapengo. Watu wengi husahau hili la pili. Plaiwudi inaweza kuwa na gundi bora kabisa na bado ikawa haifai, kwa kuwa pengo la ndani ni mfereji wa maji na pia ni mahali pa kuvunjikia. Plaiwudi nyingi za BS 1088 hutengenezwa kwa okume, mti unaotoka hasa Gabon, ambao ni mwepesi, unakunjika vizuri na unanyonya epoksi kwa wingi. Okume yenyewe huoza upesi ikiachwa na unyevu, na kwa hiyo hata plaiwudi hiyo bora haiachwi wazi. Tofauti ni kwamba siku maji yatakapopata njia, matabaka hayataachana.

Namna ya kupima gundi ni kuchemsha. Mimi hufundisha kemia, na nilipaswa kukumbuka jambo hili kabla ya kutoa fedha. Viwanda hupima kwa taratibu maalumu. Mmojawapo, ulio katika kanuni za Ulaya, ni kuchemsha kipande kwa saa 4, kukikausha kwa joto la nyuzi 60 kwa saa 16 hadi 20, kukichemsha tena kwa saa 4, kukipoza majini, kisha kujaribu kuyatenganisha matabaka. Nyumbani nilitumia sufuria ya ugali, jiko la gesi na oveni niliyoipunguza moto hadi mwisho. Kuna jambo moja la Nairobi ambalo mtu wa pwani hatalihitaji: kwa sababu ya mwinuko wetu, maji hapa huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Kipimajoto changu kilisimama karibu na nyuzi 95. Jaribio letu basi ni laini kidogo kuliko lile la maabara, na ndiyo sababu niliongeza saa moja katika kila mchemsho.

Kipande cha plaiwudi ya duka la kwanza hakikuhitaji saa hiyo ya ziada. Katika dakika ya ishirini na tano maji yalikuwa yamekuwa meupe kama ya kuoshea mchele, na tabaka moja lilikuwa likielea peke yake.

Duka la pili nalo liko Industrial Area, na wateja wake wengi ni mafundi wa kabati na milango. Sitaji jina la duka lolote katika maelezo haya, kwa kuwa shehena hubadilika, na plaiwudi iliyo nzuri mwezi huu si lazima iwe ile itakayokuwepo mwezi ujao. Nilichokipenda pale kilikuwa utaratibu. Nilipomwambia mzee aliyekuwa zamu kwamba ningependa kipande cha kwenda kuchemsha, hakucheka wala hakukasirika. Alinyamaza kidogo, akaita kijana, akasema, “Mkatie mama huyu ile iliyovunjika pembe,” na nikaondoka na kipande cha ukubwa wa kiganja, bila malipo, kutoka katika plaiwudi ya shehena ile ile. Nilikichemsha mara mbili kama nilivyoeleza. Kilitoka kimevimba kidogo na kimekoza rangi, nami nilipokaza patasi kati ya matabaka ili kuyafungua, mti ulichanika lakini mstari wa gundi ulibaki mzima. Hiyo ndiyo dalili unayoitafuta: mti ushindwe kabla ya gundi.

Nilinunua nne. Bei ya kila moja ilikaribia mara mbili ya ile niliyoilipa Machi, na sitaficha kwamba nilisita, kwa kuwa fedha za zile za kwanza zilikuwa zimekwisha kwenda. Kisha nikapima uzito kwa mizani ya bafuni. Plaiwudi ya duka la kwanza ilikuwa na kilo 12 na nusu. Hii ya okume ilikuwa na kilo 9. Kwa plaiwudi nne, tofauti ni kilo 14, na kwa mashua ambayo watu wawili wanatarajia kuibeba kutoka kwenye gari hadi majini, kilo 14 si jambo dogo.

Kazi ya kushona ilikuwa ya raha kupita nilivyotarajia. Mchoro unataka tundu kila sentimita 12, milimita 10 kutoka ukingoni, na waya nilioutumia ni wa shaba uliochunwa kutoka kwenye nyaya za umeme za nyumba. Unapitisha waya katika tundu la ubavu na tundu la chini, unasokota kwa koleo upande wa nje, na polepole vipande bapa vinaanza kuwa chombo. Katika plaiwudi ya kwanza matundu kadhaa yalichanika hadi ukingoni waya ulipokazwa. Katika hii hakuna hata moja lililochanika, hata kule omo ambako ubavu unakunjwa na kusokotwa kwa wakati mmoja na waya hukazwa hadi shaba inakaribia kukatika. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, na nilipokuwa nimepiga magoti pale na koleo langu niliifikiria sana mitepe, vyombo vya zamani vya kwetu ambavyo mbao zake zilishonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi bila msumari hata mmoja. Tofauti yetu ni kwamba mshono wa mtepe ndio uliobeba chombo maisha yake yote, lakini waya wangu ulishika tu hadi epoksi ilipogumu, kisha nikaukata na kuuondoa.

Mjomba wangu wa Matondoni, kule Lamu, ambaye amefanya kazi ya mashua tangu ujana wake, alikuja Nairobi mwezi wa Juni kwa shughuli nyingine, nami nikamwonyesha. Baada ya shikamoo na marahaba aliizunguka mashua mara mbili bila kusema neno. Kisha akauliza, “Hii mbao umeigonga?” Sikuelewa. Alichukua kisu chake, akakishika kwa upande wa makali uliofunikwa na ala, akaanza kuugonga ubavu kwa mpini, taratibu, kila upana wa kiganja, huku ameinamisha kichwa. Sauti ilikuwa kavu na ya juu, tena ile ile moja. Alipofika kwenye mabaki ya plaiwudi ya duka la kwanza niliyoyaweka pembeni, sauti ilibadilika katika hatua ya nne: ikawa nzito na ya kiwambo. “Hapa ni tupu, mwanangu,” akasema. Nilikata pale kwa msumeno, na tukaona pengo linalotosha kidole cha shahada. Kuanzia siku hiyo sijanunua hata ubao wa rafu bila kuugonga, na ninashauri mtu yeyote aende dukani na sarafu mfukoni, aombe plaiwudi ilazwe juu ya vipande viwili vya mti, na aigonge yote kabla ya kulipa.

Haki inanitaka niseme kwamba mjomba alipata pengo moja pia katika plaiwudi za duka la pili, dogo kama punje ya mhindi, ndani ya plaiwudi ya nne ambayo ilikuwa haijakatwa. Kiwango hakikubali hilo. Nilipanga upya vipande vyangu ili pengo liangukie katika sehemu ya kutupwa. Dosari ya pili ni unene: plaiwudi iliyouzwa kuwa ya milimita 6 ilisoma milimita 5.7 kwa kipima unene cha maabara, mahali pote nilipopima. Kwa ubavu hilo halinisumbui. Kwa kiungo cha hanamu, yaani pale ncha mbili za plaiwudi zinapokatwa kwa mteremko na kugandishwa moja juu ya nyingine, linahitaji kukumbukwa, kwa sababu mashua ya mita 3.6 haitoki katika plaiwudi ya mita 2.44 bila kuunga, na mteremko wa kiungo huhesabiwa kwa unene halisi, mara 8. Nilikata hanamu ya milimita 46 badala ya 48, na viungo vyote vinne vilikaa sawasawa.

Dosari ya tatu ni ya huduma. Duka lina mashine ya kukatia na hutoa huduma hiyo kwa ada ndogo, lakini meno ya msumeno wao ni ya mbao nene. Niliruhusu wakate plaiwudi moja kwa urefu ili iingie garini, na uso wa okume ulichanika kingoni kwa upana wa milimita 5 hivi, pande zote mbili. Zibebe nzima nzima ukiweza, zikiwa zimelazwa na kufungwa pamoja, au ukatie mwenyewe hapo hapo kwa msumeno wa mkono wenye meno madogo baada ya kubandika utepe wa karatasi juu ya mstari.

Kuhusu epoksi nitasema machache, kwa sababu inastahili maelezo yake yenyewe. Plaiwudi hii inakunywa epoksi kweli kweli, hasa kingoni, na mkono wa kwanza niliopaka kwenye kingo ulitoweka kabla sijamaliza upande wa pili. Tenga robo zaidi ya kiasi ambacho mchoro umekadiria. Julai yetu ya baridi hufanya epoksi ichelewe kugumu, nami nilikuwa nikiyaweka makopo ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu kabla ya kuchanganya. Jambo lenye faida kubwa zaidi nililojifunza ni saa ya kupaka. Ukipaka asubuhi, jua linapopanda hewa iliyo ndani ya vinyweleo vya mti hutanuka na kutoboa epoksi mbichi kwa mapovu madogo mengi. Nilianza kupaka saa kumi na moja jioni, wakati mti unapoanza kupoa na kuvuta ndani, na mapovu yakaisha kabisa.

Nikiulizwa kama plaiwudi ya duka la pili ina thamani ya bei yake, jibu langu ni ndiyo, pamoja na pengo lile na zile sehemu tatu za kumi za milimita zilizopungua, na ningeipa alama nne kati ya tano. Kwa mtu anayetaka kujenga chombo cha kujifunzia tu, cha kutumiwa msimu mmoja, ipo njia ya kati ambayo rafiki yangu mmoja aliifuata: alinunua plaiwudi ya kawaida ya humu nchini, ya mkaratusi, akachemsha sampuli kutoka maduka manne hadi akapata moja ambayo gundi yake ilishika, akakubali uzito. Mashua yake ni nzito, lakini ni kavu. Kisichofaa kwa bei yoyote ni kile nilichokinunua Machi, chenye muhuri na kingo zilizopakwa rangi, kwa kuwa kinauzwa ghali kuliko plaiwudi ya kawaida na hakina kitu chochote ambacho plaiwudi ya kawaida haina.

Kipande kimoja cha okume, kisicho na epoksi wala rangi, nilikitia ndani ya ndoo ya maji mwishoni mwa Juni na kukiwekea jiwe juu, chini ya bomba la uani. Nilikitoa Jumamosi iliyopita. Kimekuwa cheusi pembezoni, kina utelezi, na unene wake umepanda kutoka milimita 5.7 hadi 6.1. Nilikizungusha kingo zote nne nikitafuta mahali pa kuingizia ncha ya kisu, nikapakosa, nikakirudisha ndooni.